Shangazi wa Ndege Anajibu: Mbona Wote Wako Kahawia?

Haya wapwa zangu, Agosti inakatika, kule kaskazini kiangazi ndo kinaaga, na barua za ndege wa pwani zimejaa mpaka swali la kasuku wa mtu nimeliweka kando kwanza. Twende.

Shikamoo Shangazi. Nimenunua kitabu cha ndege, picha zake zinavutia kweli, wengine vifua vyekundu wengine matumbo meusi. Nikifika ufukweni naona vidude vya kahawia tu, vyote sawa. Ni macho yangu au kitabu kinanidanganya? (Mgeni wa Ndege)

Marahaba mpwa. Macho yako mazima na kitabu hakina kosa, ni vile tu unaangalia picha za harusi wakati maharusi washarudi nyumbani na nguo wamevua. Zile rangi kali ni manyoya ya msimu wa kuzaliana, wanakuwa nayo Juni na Julai huko Aktiki, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wanakozaliana kabla ya kuja pwani kwetu, wakishamaliza kulea wanaanza kuyabadilisha taratibu, kwahiyo mwezi wa nane utakuta mmoja kifua bado chekundu, mwenzie amebakiwa na mabaka, wa tatu kashakuwa kijivu kabisa, na wote ni ndege wale wale.

Alafu kuna jambo watu wengi wanalipita haraka na mimi ndo nalipenda kuliko yote: hawaji pamoja. Wakubwa wanatangulia, tena kwa baadhi yao majike ndo wanaondoka mwanzo kabisa na kuwaachia madume kazi ya kulea, watoto wanafuata wiki kadhaa baadaye, wenyewe kwa wenyewe, hakuna mzazi wa kuwaonyesha njia, na wanafika. Sasa ukimpata ndege karibu mtazame mgongo. Mkubwa manyoya yake yamechakaa, kingo zimelika kwa jua na mchanga. Mtoto wa mwaka huu ni nadhifu utadhani katoka dukani, kila unyoya una ukingo mwembamba mweupe au wa rangi ya mchanga, mgongo mzima unaonekana una magamba. Ukijua hilo tu ushawapita wengi wenye kamera kubwa.

Kuhusu kuwatofautisha, achana na rangi kwa sasa, angalia mtu anavyokula. Kitwitwi ana macho makubwa na mdomo mfupi, anawinda kwa kuona, kwahiyo anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Wale wenye midomo mirefu wengi wanawinda kwa kugusa, mdomo unaingia kwenye tope unatoka unaingia bila kupumzika, na baadhi wanaweza kufungua ncha tu ya mdomo ukiwa umezama humo ndani wakamkamata mnyoo. Sululu na mdomo wake mrefu uliopinda kwenda chini anafuata kaa na minyoo kwenye mashimo. Na wale wadogo weupe weupe wanaokimbizana na wimbi, likirudi wanalifuata likija wanatimua mbio, hao ukiwakaribia vizuri angalia miguu, kidole cha nyuma hawana.

Shangazi, kila nikitoka kazini saa kumi jioni napitia pwani. Juzi ndege walikuwa tele mbele yangu, wiki iliyofuata saa ile ile wako mbali huko kama nukta. Wamehama? (Mchoka na Nukta)

Hawajahama, wewe unafuata saa ya ukutani wao wanafuata maji. Sehemu nyingi maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, sasa piga hesabu, baada ya wiki moja dakika hizo zinakuwa karibu saa sita, yaani saa kumi iliyokuwa maji yamejaa inakuwa maji yamekupwa. Ndo maana.

Cha kufanya tafuta jedwali la maji la eneo lako, kwenye simu apu zipo, alafu fika masaa mawili au matatu kabla maji hayajajaa kabisa. Tope likiwa wazi lote ndege wanatawanyika eneo kubwa huwapati, ila maji yakianza kupanda yanawasukuma taratibu kuja upande wako, wewe umekaa tu chini umetulia na jua liko mgongoni, wanakuja wenyewe. Yakijaa kabisa wanakusanyika kwenye kipande cha juu kilichobaki, fungu la mchanga au ukingo wa chumvini, wanalala na kusafisha manyoya mpaka yapwe. Siku za bamvu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapanda juu zaidi na wanabanana sana, hapo ndo pa kuhesabu. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo tu, mimi huwa nabaki nyumbani nafua.

Ila angalizo, kuna pwani maji yanajaa mara moja tu kwa siku, na kuna zingine hayasogei kiasi cha kuonekana, kwahiyo usibebe hesabu yangu kichwa kichwa, angalia jedwali la kwako.

Bainokula ya kuvuta mara 20 inafaa? (Mfupi)

Hapana. Mkono unatetemeka na picha inatetemeka nao. Chukua 8x42, nane ni kuvuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, inatosha na mwanga inaingiza wa kutosha. Mara 20 na zaidi ni kazi ya teleskopu ya miguu mitatu.

Kuna ndege namuona kila asubuhi amesimama kwa mguu mmoja, hata akihama anaruka ruka na ule ule. Nimpeleke kwa daktari? (Mwenye Huruma)

Mwache mpenzi. Mguu mwingine kaukunja ndani ya manyoya usipoteze joto, na mara nyingi hata wa kuruka ruka wana miguu yote miwili, mvivu tu wa kuushusha. Subiri aanze kula utauona.

Shangazi mimi na wanangu tunapenda kukimbilia lile kundi kubwa likaruka lote kwa pamoja, linageuka angani vizuri sana. Jirani amenigombeza. Wanarudi si ndio, ubaya uko wapi? (Baba Watatu)

Baba, hapa niko upande wa jirani. Hao ndege wengi wako njiani, hapo kwenye tope ndo kituo chao cha mafuta, na simaanishi kwa utani, kabla ya safari ndefu ndege wa namna hii anaweza kunenepa mpaka karibu nusu ya uzito wake ikawa mafuta, na utumbo wake anaupunguza ili asibebe mzigo wa bure. Oktoba 2022 ndege mmoja mchanga, ana miezi kama mitano tu, aliruka kutoka Alaska kule Marekani mpaka Tasmania, kisiwa cha Australia, kilomita 13,560, siku 11, hakutua. Kwenye bahari hawezi kutua akala, si bata yule. Sasa kila ukimrusha anachoma alichokusanya, na maji yakiwa yamejaa hana pengine pa kwenda, anazunguka angani tu.

Watoto wafundishe hivi: ndege wakiacha kula wakainua vichwa wote, mmeshafika mbali sana, rudini hatua chache mkae. Msiwaendee moja kwa moja, pindeni pembeni. Na kuruka kwa kundi mtakuona tu, kipanga akipita atawarushia bure.

Nimeona ndege ana kibendera cha rangi mguuni chenye herufi. Ni wa mtu? (Mshangao)

Si wa mtu, amefungwa na watafiti. Rangi ya kibendera mara nyingi inaonyesha nchi alikofungiwa. Andika pale pale: rangi, herufi na namba, mguu wa kulia au wa kushoto (wa kwake, sio wa kwako), juu au chini ya kiungo, na kama kuna pete nyingine. Alafu tuma kwa ofisi inayoshughulikia pete za ndege nchini kwako. Usidharau, kuna mmoja alifungwa pete 1995 Tierra del Fuego, Argentina, baadaye akawekewa kibendera cha rangi ya chungwa chenye maandishi B95, na watu wa kawaida wenye darubini wakaendelea kumuona mpaka 2014, safari zake zikijumlishwa zinapita umbali wa kwenda mwezini. Bila hao walioandika herufi tatu kwenye karatasi tusingejua. Picha hata ikiwa mbovu itume, herufi zikisomeka inatosha.