Jibu: Meli ipi inachafua hewa zaidi, kubwa au ndogo?

Ndugu yangu, umeuliza iweje meli inayokunywa tani 25 za mafuta kwa siku iitwe safi kuliko kimeli kinachokunywa tani 6. Usitazame moshi, tazama mzigo.

Chukua mfano, zote zinakwenda kilomita 500 kwa siku. Tani moja ya mafuta mazito hutoa kama tani 3.1 za kaboni dioksidi. Kubwa ina tani 40,000 za klinka, malighafi ya saruji: gawanya, unapata gramu 3.9 hivi kwa kila tani kwa kilomita. Ndogo yenye tani 3,000 inatoa gramu 12.4. Mara tatu!

Ila hapo wengi hujidanganya. Kubwa ikirudi tupu, hesabu ya safari nzima inakaribia gramu 8. Na daraja za utoaji kaboni za meli, A hadi E, zilizoanza 2023 chini ya IMO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini), kwa meli nyingi za mizigo, hupigwa kwa uwezo wa meli kubeba, si mzigo uliomo. Tupu au imejaa, kipimo hakijali. Mimi sikipendi.

Halafu kuna kungoja. Sisi wa Tanga tunakumbuka meli ilivyotia nanga mbali, jenereta zikinguruma, matishari yakienda na kurudi gatini. Mafuta yanaungua, kilomita haziongezeki. Kuongeza kina cha bandari kumesaidia hapo.

Mwendo nao: ukipunguza kasi asilimia 10, nguvu ya injini hushuka kama asilimia 27. Muulize kwanza nahodha anakwenda noti ngapi, yaani kasi gani.