Niliambiwa Vitabu vya Watoto vya Kiswahili Havipo, Nikaamini Miaka Mitatu

Jumapili iliyopita binti yangu wa miaka 13 alimpigia simu bibi yake Muheza, akamsomea hadithi ya Sungura na Fisi kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Bibi alimkatiza mara mbili kumweleza kwamba Sungura anayemjua yeye hakusema hivyo, wakabishana, wakacheka, wakaendelea. Mimi nilikuwa jikoni nakanda chapati. Nilisimama na unga mikononi mpaka wakamaliza.

Jioni hiyohiyo nikakuta ujumbe wa msomaji wangu mmoja, mama mwenzangu aliyehamia Ohio mwaka jana: «Dada, nimekwenda maktaba, wameniambia vitabu vya watoto vya Kiswahili hawana. Nifanyeje?» Nilihisi kama nasoma barua niliyoiandika mwenyewe zamani. Nakujibu hapa, dada yangu, kwa sababu najua hauko peke yako.

Mimi nimekulia Tanga mjini. Mama alikuwa anauza vitumbua, na Jumamosi akituacha maktaba ya mkoa ili afanye biashara yake kwa raha. Nilijifunza kuvuta zile droo za kadi kabla sijafika darasa la nne. Kwa hiyo tulipofika hapa Marekani mwaka 2019, kazi ya kwanza niliyoifanya baada ya kupata anwani ya kudumu ilikuwa kukata kadi ya maktaba, mimi na wanangu wawili. Nikamwomba mkutubi vitabu vya watoto vya Kiswahili. Akaandika «Kiswahili» kwenye kompyuta, ikatoka kamusi moja ya watu wazima. Akanitazama kwa huruma, akasema pole, hatuna.

Kilichoniuma hakikuwa jibu lake. Ni binti yangu, wakati huo mdogo, kuniuliza tukiwa kwenye basi: «Mama, kwa nini lugha yetu haina vitabu?» Sikuwa na la kumwambia. Nilitazama dirishani. Mimi niliyelelewa na vitabu vya Kiswahili nilinyamaza, na mtoto akachukua ule ukimya kuwa ndilo jibu. Baada ya hapo akaanza kunijibu kwa Kiingereza kila nikimsemesha. Hilo bado linanichoma hadi leo.

Mwaka 2022, kwenye duka la kufulia nguo, nilimkuta baba mmoja wa Bukavu amekaa na kijana wake, kijana ameshika kitabu cha hadithi chenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mgongoni kina kibandiko cha maktaba ileile iliyoniambia haina! Kimeandikwa J 398.2, J ikiwa alama ya vitabu vya watoto. Nilimwomba nikishike. Nilikigeuza-geuza kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea. Usiku huo sikulala. Nilikaa na katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba iliyoko kwenye intaneti, mpaka alfajiri, na kufikia asubuhi nilikuwa nimeagiza vitabu kumi na viwili.

Basi sikiliza nilichojifunza.

Katalogi haijui unachotaka. Inajua maneno yaliyoandikwa kwenye rekodi ya kitabu, basi. Na huku rekodi zinaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo lugha yetu humo inaitwa «Swahili», si «Kiswahili». Hilo peke yake lilinigharimu miaka mitatu. Ingia sehemu ya utafutaji wa kina («Advanced Search»), chagua lugha Swahili, kisanduku cha maneno kiache kitupu kama katalogi yako inaruhusu. Isiporuhusu, andika «Swahili language materials». Hicho ndicho kichwa cha mada ambacho wakutubi wanavipachika vitabu vilivyoandikwa kwa lugha yetu, na vile vya lugha mbili huongezewa neno «Bilingual».

Halafu 398.2. Huko ndiko mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, unakoweka ngano na hadithi za jadi, yaani miongoni mwa vitabu vya maarifa, si pamoja na riwaya za watoto. Mzazi anayebonyeza «Fiction» (hadithi za kubuni) kwa kuwa anatafuta hadithi amewafukuza Sungura, Fisi na Abunuwasi wote kwa mkono wake mwenyewe. Usibonyeze. Mimi nilibonyeza usiku ule mara nne kabla sijaelewa kwa nini kitabu nilichokishika mchana hakionekani.

Tena usikimbilie kuchuja kwa umri. Kichujio hicho kinategemea alama ya hadhira aliyoiweka aliyeandika rekodi, na vitabu vingi vya Afrika Mashariki vimeingizwa bila alama hiyo. Hasa vya vijana. Riwaya ambayo kwetu ingesomwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, huku utaikuta imeandikwa «Swahili fiction» tu, imewekwa rafu ya lugha za kigeni pamoja na vitabu vya watu wazima. Ukiandika «young adult», yaani vijana, hutaipata. Ondoa vichujio vyote, bakiza lugha, kisha soma orodha kwa macho yako. Na wewe mzazi ukisome kitabu kwanza kabla hujampa mtoto.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Wengi husema weka kinyota (*) mwisho wa neno ili upate maumbo yake yote. Kwa Kiingereza sawa. Kiswahili kinabadilika kichwani: mtoto, watoto, kisa, visa. Kinyota cha mwisho hakikusaidii, andika maumbo yote mawili na uyaunganishe kwa neno OR («au») la herufi kubwa. Na maneno kama ng'ombe yajaribu kwa alama ya ritifaa na bila alama.

Njia nyingine ni kutafuta kwa jina la mchapishaji. Andika Mkuki na Nyota, au E&D Vision, au Longhorn. Mimi hivyo ndivyo nilivyovipata vitabu ambavyo havikujitokeza kwa njia nyingine yoyote.

Na kama maktaba yako haina kweli? Fungua WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani, uone nani anacho, kisha omba maktaba yako ikuazimie kutoka huko. Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua vitabu vya ukanda wetu, na vyuo vikuu vya hapa vinavyoshiriki mpango wake navyo hupata nakala. Vitabu vimevuka bahari, dada. Vimetangulia kabla yetu. Watoto wadogo unaweza kuwaanzishia hadithi za African Storybook, zinapatikana bure kwenye intaneti, za Kiswahili zimo.

Lakini nitasema na jambo ambalo wengine hamtalipenda. Tunalalamika kwenye makundi ya WhatsApp kwamba watoto wetu wamepoteza lugha, na kadi ya maktaba hatuna. Simu mpya tunayo. Jumamosi nzima tunaweza kukaa harusini, lakini saa moja ya kukaa na mtoto mbele ya katalogi tunasema hatuna nafasi. Maktaba hununua kinachoulizwa. Vitabu visipoazimwa huondolewa rafuni, na mkutubi anayeviondoa hana kosa, kwa sababu hakuna aliyevigusa. Azima hata kile mwanao alichokwisha kukisoma. Jaza fomu ya kupendekeza ununuzi, jaza tena mwezi ujao. Mimi nimejaza mara tisa, vitabu vitano vimenunuliwa, na viwili kati ya hivyo binti yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuviazima.

Dada wa Ohio, kesho rudi palepale ulipoambiwa hawana. Usiulize kama wanavyo. Mwombe mkutubi akufungulie utafutaji wa kina, wewe ukae kwenye kiti, uchague lugha mwenyewe. Mchukue na mtoto, akae karibu aione orodha inavyoshuka. Kisha niandikie umepata vingapi, na vile vya vijana nitajie majina, maana binti yangu amemaliza vyote vilivyoko hapa na bibi yake anasubiri simu Jumapili.