Kwa mabaharia wapya wa boti ya doria ya Tuvalu

Wadogo zangu, karibuni kazini. Boti mnayoipanda, Te Mataili III, ni msaada kutoka Australia na tulikabidhiwa mwaka 2024. Iliyotangulia, Te Mataili II, tuliipata 2019. Vimbunga vya Vanuatu vya 2023 viliiharibu hata haikufaa tena. Mtasikia watu wakisema cha bure hakina uchungu. Msiwasikilize. Nchi kavu yetu ni kilomita za mraba 26 tu, bahari yetu ni takriban 750,000, na boti ya doria ya ukubwa huu tunayo hii moja. Ikilala gatini Funafuti, mji mkuu wetu, kwa ubovu, wezi wa samaki hupata habari haraka.

Kwanza mafuta. Boti inaweza kwenda noti 20, yaani maili za bahari 20 kwa saa, lakini zile maili za bahari 3,000 zinazosifiwa hupatikana ukienda noti 12. Kabla ya kufukuza, pigeni hesabu ya kurudi. Wala msizurure: kituo cha ufuatiliaji wa meli za uvuvi kilichoko Honiara, Visiwa vya Solomon, kinaonyesha zenye leseni ziko wapi. Tafuteni ile iliyoonwa na ndege ya doria lakini haimo kwenye skrini.

Mkishapanda meli ya watu, hapo ndipo kazi ilipo. Salimieni kwa heshima, kisha mwombe nahodha daftari la uvuvi. Likague kabla hujashuka kwenye ghala la barafu. Daftari linalojazwa kila siku lina madoa ya grisi, kalamu tofauti, mwandiko uliopinda siku ya mawimbi. Ukikuta kurasa za wiki nzima ni safi, kalamu moja, mwandiko mmoja, shuku kwamba limejazwa mlipoonekana mnakuja. Linganisheni tarehe zake na njia iliyohifadhiwa kwenye GPS ya meli. Ghalani msiridhike na jodari wa juu. Ondoeni hadi chini, mapezi ya papa hufichwa huko. Kila picha ionyeshe saa na mahali.

Nasisitiza ushahidi kwa sababu sheria ya bahari hairuhusu kumfunga jela mvuvi wa kigeni kwa kosa la uvuvi kwenye eneo letu la kiuchumi, yaani bahari ya hadi maili 200 za bahari kutoka pwani, isipokuwa nchi husika zimekubaliana. Meli na watu wake huachiwa upesi dhamana ikiwekwa. Kinachobaki mikononi mwetu ni faini, na faini husimama kwa karatasi zenu. Siku moja ya kuvua jodari kwa meli ya kigeni ya nyavu kubwa huuzwa si chini ya dola 8,000 za Marekani, na serikali yetu huendeshwa kwa sehemu kubwa na pesa hizo. Anayevua bila leseni anawaibia watoto wenu.

Mwisho, injini. Osheni chumvi kwa maji yasiyo na chumvi kila mrudipo. Mwaka 2022 boti za aina hii ziligunduliwa kasoro kwenye mfumo wa moshi, hewa ya sumu ikaweza kuvuja hadi chumba cha ndani. Mtu akiumwa kichwa huko chini, atolewe nje mara moja, fundi aitwe, na safari isimame mpaka aseme ni salama.