Alfajiri, Njia ya Shela

Nilipofiwa na mama, usingizi ulinihama. Nalala saa nne, saa nane ya usiku niko macho, nahesabu nililomwambia na nisilomwambia. Shangazi akasema ni kijicho. Nikasomewa, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na nashukuru, lakini kichwa kiliendelea kucheua kama mbuzi: neno lile lile, nalimeza, linarudi.

Mnasihi niliyempata, mama wa makamo, hakuniketisha ofisini. "Vaa ndara madhubuti, mwanangu, twende Shela." Shela ni kijiji cha pwani, jirani na mji wetu wa Lamu. Nikadhani mzaha. Kumbe mkikaa uso kwa uso, mtu huona haya. Mkienda ubavu kwa ubavu, macho baharini, ulimi hulegea wenyewe. Siku ya tatu nilitoa jambo ambalo hata mume wangu hakuwa analijua. Mnasihi hakujibu kitu, tukaendelea na mwendo. Kimya cha njiani hakibani kama cha chumbani.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu kwa dakika 90, baadhi penye miti na nyasi, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwenye miti walirudi na kule kucheua kumepungua. Wa barabarani, wapi! Sisi Lamu magari hayatusumbui, ila punda atakubana ukutani usipomwachia njia.

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu. Mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri, jua halijakaza, na ule mwanga wa asubuhi huusaidia mwili kujua saa zake. Usiku usingizi ukaanza kurudi, kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kama haya kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwanzo sikuzifikia. Kuna siku nilifika hospitali tu nikageuka, na mnasihi akasema hiyo nayo ni safari.

Simu iache nyumbani, au izime. Ukiwa huna mnasihi, chukua dada au jirani asiyependa kutoa hukumu. Na kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Ukijiwa na fikra za kujidhuru, usingoje kupambazuke: mwamshe mtu akupeleke hospitali.

Jambo moja wageni hawalijui: uliza kwanza maji ya bahari yanajaa saa ngapi. Kila siku hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana, na yakijaa hula njia ya pwani, utarudi na buibui limelowa hadi magotini. Wiki hii ni bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, alfajiri maji bado mengi, kwa hiyo napita ndani, vichochoroni. Huko kila baraza ina salamu yake, na kila salamu ina swali: "Waenda wapi mapema hivi?" Naitikia zote.