Ramani imewachanganya wanafunzi wangu wa fasihi, niiache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, tunasoma Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kitabu cha Shaaban Robert. Muhula uliopita niliwafungulia Google Earth, ile programu ya ramani ya dunia, kwenye projekta, wakafurahi kweli, wakaanza kutafuta nyumba zao na viwanja vya mpira, kengele ikalia kitabu hakijafunguliwa. Wanafunzi wako 60, laptopu ni moja na bando langu dogo. Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, usiache. Hapo ramani ilitangulia kitabu tu, basi. Safari hii anza na daftari, kila kundi lipekue kitabu litafute mahali palipotajwa, liandike Siti alikuwa na hali gani alipokuwa pale na kitu gani kilimfanya aondoke, ndo mfungue laptopu. Kundi lisilo na sentensi kutoka kitabuni lisipige pini, yaani lisiweke alama kwenye ramani, hapo mimi sina huruma kabisa.

Na pini tatu zinatosha kipindi kizima: Fumba alikozaliwa 1880, mjini Zanzibar alikohamia 1911, na Bombay, yaani Mumbai ya leo, alikoenda kurekodi santuri 1928. Wapime kwa ile rula ya Google Earth. Fumba mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 15, na huyu binti alikuwa akitembeza vyungu kwa miguu huku ananadi kwa sauti yake, sasa waulize ukiwa na mzigo kichwani na jua lile hiyo ni safari ya namna gani, uone watakavyorudi wenyewe kitabuni. Mjini mpaka Mumbai inapita kilomita 4,500. Ile mistari miwili, mfupi na mrefu, ikikaa kwenye skrini moja, mtoto anauona ukubwa wa maisha ya yule mama kabla hujasema neno.

Ila ninapopapenda zaidi ni Darajani, pale mjini Zanzibar. Waambie wakuze ramani watafute daraja, hawatalipata! Zamani palikuwa na hori la bahari limeutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, baadaye likafukiwa, likabaki jina. Siti aliishi Ng'ambo, upande wa wanyonge, wengi wao waliowahi kuwa watumwa na watoto wao, halafu sauti yake ikaja kuitwa kwenye majumba ya matajiri. Kwa hiyo mandhari ya kitabu na suala la matabaka yote umeyapata kwenye kipande cha ramani kisichozidi kiganja, na wanafunzi wamejifunza kuwa ramani ya leo siyo ramani ya Siti. Wape kalamu ya bluu walirudishe lile hori wenyewe.

Kuhusu bando, fungua ramani siku moja kabla, piga picha za skrini, printi karatasi moja kwa kila kundi. Laptopu iwe ya kupimia umbali tu.