Timu imeshindwa, yeye "ameshinda" tuzo?

SWALI: Nilimsimulia rafiki yangu fainali ya mwaka 2019 ya ligi ya raga ya Australia, ile ya wachezaji 13, nikamwambia: "Jack Wighton alishinda Medali ya Clive Churchill ingawa timu yake ilishindwa." Akacheka sana. Ati mtu huyohuyo kashinda, kashindwa? Nimekosea wapi?

JIBU: Kisarufi hujakosea. Habari yenyewe pia ni ya kweli: Sydney Roosters 14, Canberra Raiders 8, na Wighton wa Canberra ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali. Wala si wa kwanza. Tangu medali hiyo ianze mwaka 1986, Brad Clyde (1991), Brad Mackay (1993) na Daly Cherry-Evans (2013) nao waliivaa huku wenzao wameinamisha vichwa.

Kilichomchekesha rafiki yako ni kitenzi. Kushinda kunataka mshindwa. Nikikushinda kwenye bao, wewe upo mbele yangu, umebaki huna kete. Wighton alimshinda nani? Jopo lilikaa, likatazama, likamchagua. Na tendo hilo Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: kutuza, ndimo ilimotoka tuzo yenyewe. Nenda kwenye taarabu umwone mama akiinuka kitini, anakwenda kwa madaha mpaka jukwaani, noti kaishika kwa ncha za vidole, anamtuza mwimbaji. Mwimbaji hajamshinda mtu. Kapendeza, kapewa.

Basi sema alituzwa, au alitunukiwa, kama tunavyosema mtu katunukiwa shahada. Mimi ningechukua hili la pili, lina heshima ya hafla. Kunyakua, kipenzi cha vichwa vya habari, namwachia mwewe na vifaranga vyake.

Sikatazi "kushinda tuzo". Limeshaota mizizi, na likisimama peke yake silifuti. Tatizo ni kuliweka ubavuni mwa "ilishindwa". Medali iache ilivyo, usiigeuze nishani, maana wengi tukisikia nishani tunawaza Ikulu na waliolitumikia taifa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Jack Wighton alitunukiwa Medali ya Clive Churchill ingawa timu yake ilifungwa."