Fimbo juu ya kabati: maswali yenu kuhusu malezi

Wiki hii karibu barua zote zimetoka kwa walokole wenzangu.

Mchungaji wetu hapa Arua husema asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Nikiacha kumchapa binti yangu wa miaka 6, si nitakuwa nimelikaidi Neno? (Mama wa watatu)

Mama, huo ni Mithali 13:24. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "fimbo" hapo ndilo hilo hilo la Zaburi 23, lile "gongo" linalomfariji kondoo. Mchunga kondoo hulitumia kufukuzia wanyama wakali. Sitakudanganya kwamba Mithali haitaji kupiga. 23:13 inataja waziwazi. Lakini sura hiyo hiyo, mstari wa 2, inamwambia mlafi ajitie kisu kooni, na sijaona mchungaji akitafutiwa kisu harusini kwa kurudia pilau. Huo tunausoma kwa hekima. Huu wa mtoto tunausoma kwa waya wa pasi.

Mimi mwenyewe niliweka fimbo ya mpera juu ya kabati, kando ya Biblia. Jioni moja nilinyoosha mkono nichukue Biblia, kijana wangu akainua viwiko kukinga uso. Fimbo ile ilichemsha chai usiku huo huo.

Binti akimwaga maziwa, mpe kitambaa afute. Akipiga mdogo wake, mtenge, mzungumze, kisha aende kumpoza.

Mwalimu ameniomba ruhusa ya kumchapa mwanangu. Nimpe? (Baba, Busia)

Ruhusa hiyo huna. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliporekebishwa mwaka 2016, ilipiga marufuku viboko shuleni.

Na kuhani Eli je? Si aliadhibiwa kwa kutowarudi wanawe?

Wanawe hao, Hofni na Finehasi, walikuwa watu wazima, makuhani kazini, wakipora nyama ya sadaka. Eli alipaswa kuwaondoa kazini. Habari yao haimhusu mtoto wa chekechea.

Nilimchapa mtoto kwa pesa ya boda iliyopotea, kisha nikaikuta kwenye koti langu. Nikimwomba msamaha si atanidharau? (Baba, Kampala)

Mwombe leo, ndugu yangu, kabla hajalala. Keti chini, macho yenu yalingane. Sema "nilikosea", na usiongeze "lakini wewe nawe". Waefeso 6:4, ile ya kutowachokoza watoto, imeandikiwa akina baba kwa jina. Akikuuliza mbona hukumsikiliza alipokataa, usimnyamazishe, mjibu.